Dawa Mbili za Moyo Katika Mpira Mmoja

Swali ambalo mimi, mfamasia, huulizwa mara kwa mara kuhusu dawa za moyo za sindano halihusu kipimo wala bei. Ni hili: je, hii naweza kuipitisha pamoja na ile? Anayeuliza kwa kawaida ni muuguzi aliyesimama kando ya kitanda, mkononi ana sirinji ambayo dawa imekwisha kuvutwa ndani yake, na mgonjwa ana kanula moja tu inayofanya kazi. Mara nyingi swali huja na hoja yake: "Daktari, kwani zote si za moyo?"

Hoja hiyo inaeleweka, lakini kutibu kiungo kimoja hakuzifanyi dawa mbili zipatane ndani ya mpira wa dripu. Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna jinsi dawa zinavyoathiriana zikiwa zimekwisha kuingia mwilini, jambo ambalo daktari hulifikiria anapoandika cheti, na kuna jinsi zinavyoathiriana kabla hazijamfikia mgonjwa, ndani ya chupa, sirinji au mpira, mahali ambapo hakuna damu ya kuzizimua wala ini la kuzivunjavunja. Furosemaidi, ambayo wengi wodini huiita Lasix, na dobutamini ni mfano mzuri, kwa sababu mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu anaweza kuzihitaji zote mbili katika saa moja: ya kwanza humwondolea maji yaliyojaa mapafuni na miguuni, ya pili huupa msuli wa moyo nguvu ya kusukuma. Mwilini zinasaidiana. Ndani ya mpira haziwezi kukaa pamoja hata dakika moja.

Sababu yake ni kemia ya kidato cha tatu. Furosemaidi ni asidi dhaifu ambayo kwa asili yake haiyeyuki vizuri katika maji, na ili iwe sindano, watengenezaji huigeuza kuwa chumvi ya sodiamu na kuiweka katika kimiminika chenye pH, yaani kipimo cha asidi na besi, ya kati ya 8 na 9.3. Katika hali hiyo ya besi inayeyuka bila shida, nasi tunaiona kama maji safi ndani ya ampuli. Ikikutana na kimiminika chenye asidi, pH ikashuka chini ya 5.5, inarudi katika umbo lake la mwanzo lisiloyeyuka na kutoka majini kama chembe nyeupe. Dobutamini, kwa upande wake, huhifadhiwa katika asidi, na milrinoni, dawa nyingine ya kuupa moyo nguvu, nayo ina asidi, pH yake ikiwa kati ya 3.2 na 4. Ndiyo maana karatasi ya maelezo ya milrinoni inaonya waziwazi kwamba furosemaidi isipitishwe katika mpira wenye dawa hiyo. Labetalo, inayotumika sana kwa wajawazito wenye shinikizo kubwa la damu, inaangukia katika onyo la namna hiyo hiyo.

Wauguzi wapya wanapokuja famasi kwa mafunzo, sipendi kuanza kwa maneno. Huchukua mabaki ya dawa yaliyokuwa yatupwe, mililita moja ya furosemaidi, nikayatia katika sirinji inayoonekana vizuri, kisha nikaongeza dobutamini iliyokwisha kuzimuliwa. Hakuna kusubiri. Wingu jeupe huanzia pale vimiminika viwili vilipogusana, hushuka kama uzi, kisha sirinji nzima inakuwa nyeupe kama maziwa. Ukiiacha mezani, baada ya muda weupe ule hutuama na kuwa mashapo chini. Hapo ndipo huwaeleza kwamba mashapo yale ni dawa yenyewe: ni furosemaidi ambayo mgonjwa hataipata, na ambayo sasa imegeuka kuwa unga unaotafuta mahali pa kukwama.

Jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee huku kwetu. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa ghafla katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, na chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu, huku mishipa ya moyo iliyoziba, ambayo ndiyo chanzo kikuu katika nchi tajiri, ikichukua sehemu ndogo sana. Ongeza hapo wasichana wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na akina mama ambao moyo umedhoofika karibu na kujifungua. Hawa ni watu wenye maisha marefu mbele yao. Wanafika wamevimba mikono na miguu, mshipa hauonekani, na kanula inayopatikana kwa shida ndiyo hiyo hiyo itakayopitisha kila kitu. Mahali ambapo mgonjwa ana mpira mkubwa wa shingoni wenye njia tatu, kutopatana kwa dawa ni jambo la kupanga tu. Mahali ambapo kuna kanula moja kiganjani, linakuwa sehemu ya matibabu yenyewe.

Dawa inayonipa kazi kubwa kuliko zote ni amiodaroni. Tunaitumia pale mapigo ya moyo yanapopoteza mpangilio, na katika wodi yenye shughuli nyingi huandaliwa kwa haraka, haraka ambayo dawa hii haiivumilii. Amiodaroni karibu haiyeyuki majini. Inakaa ndani ya ampuli kwa msaada wa polisobeti 80, aina ya sabuni inayoishikilia isitengane na maji, na kimiminika chake kina asidi ya pH 4 hivi. Kutokana na hali hiyo, maelekezo ya watengenezaji ni kuizimua kwa maji ya glukosi ya asilimia 5 na si kwa maji ya chumvi. Mkono wa muuguzi umezoea kuchukua chupa ya chumvi kwa kila kitu, na hata kusafisha mpira hufanywa kwa chumvi, kwa hiyo ninaposema kwamba mpira wa amiodaroni usafishwe kwa glukosi, naona nyuso zikishangaa.

Mshangao mkubwa zaidi uko kwenye kiasi cha maji. Sote tumelelewa katika imani kwamba dawa kali ikiongezewa maji inakuwa salama zaidi. Kwa amiodaroni kuna mpaka: maelezo yanayotolewa nayo Uingereza yanasema kwamba chini ya ampuli mbili, yaani miligramu 300, katika mililita 500 za glukosi, mchanganyiko hauko imara na usitumike. Anayetia ampuli moja katika chupa ya nusu lita akidhani anamlinda mgonjwa na ukali wa dawa, anamwandalia kimiminika ambacho hakiaminiki. Kwa upande mwingine, mchanganyiko mzito unaozidi miligramu 2 kwa mililita huunguza mshipa mdogo, na unapaswa kupita katika mshipa mkubwa. Nafasi kati ya mipaka hiyo miwili ni nyembamba, na ni vyema iandikwe ukutani mahali dawa zinapoandaliwa, isiachwe kwenye kumbukumbu ya mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri.

Kuna jambo lingine kuhusu amiodaroni ambalo nadhani halisemwi vya kutosha katika hospitali zisizo na mashine za kusukumia dawa. Kwa kuwa sabuni ile hubadili jinsi uso wa maji unavyojikaza, matone yanayodondoka katika dripu huwa madogo kuliko ya maji ya kawaida. Muuguzi anayehesabu matone kwa saa yake, akafanya hesabu zote sawasawa, bado anaweza kumpa mgonjwa dawa pungufu hadi kwa asilimia 30. Hesabu haina kosa. Tone ndilo lisilolingana na lile ambalo hesabu ilijengwa juu yake. Kwa hiyo, kama wodi ina mashine moja tu ya kupima mtiririko na wagonjwa wanne wanaigombania, mimi huomba apewe wa amiodaroni, na hoja yangu ndiyo hiyo.

Tukirudi kwenye kupatana: amiodaroni iliyozimuliwa kwa glukosi hukubali kukutana katika mpira na dobutamini, na pia na dopamini na noradrenalini, dawa za kupandisha presha, ambazo zote ni za upande wa asidi. Haikubali kukutana na sodiamu baikaboneti, aminofilini wala sefazolini; huganda. Haiwezi pia kukutana na heparini, na hapa ndipo wale wanaodhani kwamba pH peke yake inaeleza kila kitu wanapokwama. Molekuli ya heparini imejaa chaji hasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na amiodaroni katika asidi hubeba chaji chanya. Zikikaribiana zinashikana, na kilichoshikana hakiyeyuki tena. Mgonjwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio ndiye huyo huyo anayehitaji heparini ili damu isigande ndani ya moyo, kwa hiyo mkutano huu si wa nadra. Hata kanula iliyofungwa kwa heparini kidogo ili isizibe inatosha kuuanzisha.

Mpaka hapa nimezungumzia mambo ambayo jicho linaweza kuyaona. Yasiyoonekana ndiyo yanayonisumbua zaidi. Jicho zuri la binadamu, katika mwanga mzuri, huanza kuona chembe yenye upana wa mikromita 50 hivi, ilhali mishipa midogo kabisa ya mapafu haina upana wa kupitisha hata robo ya hiyo. Kwa maneno mengine, sirinji inaweza kuonekana safi kabisa huku ikiwa na chembe ambazo mapafu hayawezi kuzipitisha. Mwaka 1994 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo vya wagonjwa waliokuwa wakilishwa kwa njia ya mshipa. Uchunguzi wa miili ulikuta kalsiamu fosfeti katika mishipa midogo ya mapafu. Vimiminika vile vilikuwa na mafuta meupe ndani yake, kwa hiyo hata aliyetazama kwa makini asingeona kitu. Hazikuwa dawa za moyo, lakini njia ambayo chembe zilipita ni ile ile: kila kitu kinachoingia katika mshipa wa mkono kinapita kwanza upande wa kulia wa moyo na kuishia kwenye chujio la mapafu.

Rangi nayo hudanganya, tena kwa pande zote mbili. Dobutamini iliyozimuliwa hugeuka waridi kadiri saa zinavyokwenda, kwa sababu ya oksijeni, na ndani ya saa 24 za matumizi waridi huo hauna maana kwamba nguvu yake imepungua kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Nimewahi kuona chupa nzuri ikimwagwa kwa sababu hiyo, na katika hospitali yenye upungufu kumwaga dobutamini si jambo dogo. Furosemaidi iliyogeuka njano, kinyume chake, haifai kutumika. Adrenalini iliyochanganyika na baikaboneti inaweza kubaki angavu kama maji ya chemchemi wakati nguvu yake inaendelea kupotea.

Mfano huo wa mwisho unatokea pale ambapo hakuna mtu mwenye nafasi ya kusoma jedwali, yaani wakati moyo umesimama. Adrenalini miligramu 1 hutolewa kila baada ya dakika 3 hadi 5. Kama mgonjwa ni wa figo na potasiamu imepanda, daktari ataagiza pia kalsiamu na baikaboneti, na zote zitafuatana katika kanula moja, mmoja akikandamiza kifua na mwingine akiita muda. Baikaboneti huiharibu adrenalini. Baikaboneti na kalsiamu zikikutana hutengeneza kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo mata ya matumbawe yanayojengewa nyumba za pwani yetu, na inaweza kuiziba kanula ile ile ambayo maisha ya mtu yanaitegemea. Kinga yake ni mililita 20 za maji ya chumvi kati ya sindano moja na nyingine, bila kuruka hata mara moja. Katika kikosi kizuri, mtu mmoja hupewa kazi ya kushika sirinji za maji ya chumvi tu, zikiwa zimevutwa tayari, na hana jukumu jingine. Kazi hiyo hupewa mwanafunzi kwa sababu inaonekana nyepesi. Mimi ningeipa mtu ambaye najua hatababaika.

Kuna namna nyingine ya kutopatana, ambapo adui ni mpira wenyewe. Nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa inayoshusha presha, hunaswa na plastiki ya PVC, na katika mipira ya kawaida asilimia 40 hadi 80 ya dawa inaweza kubaki ukutani mwa mpira bila kumfikia mgonjwa. Kadiri mpira unavyokuwa mrefu na mtiririko kuwa wa polepole, ndivyo kinachopotea kinavyozidi. Tafiti za zamani zilizotumia mipira ya PVC zilianza na mikrogramu 25 kwa dakika, ilhali kwa mipira isiyonasa dawa inashauriwa kuanza na mikrogramu 5. Sasa fikiria mgonjwa aliyeletwa kutoka hospitali nyingine akiwa ametulia kwa dozi kubwa iliyokuwa ikipita katika PVC. Akifika, anabadilishiwa mpira kuwa wa plastiki nyingine, mashine inaachwa ikisoma namba ile ile, na presha inaporomoka. Kila aliyepokea mgonjwa wa aina hiyo anapaswa kuuliza dozi na pia aina ya mpira, na kama hapati jibu, aanze upya kutoka chini huku akipima presha.

Watu wengi hufikiri kwamba jedwali la kupatana kwa dawa ni sheria ya ndiyo na hapana. Ukilisoma kwa uangalifu, utaona kwamba kila "ndiyo" imefungwa na masharti. Watafiti huchukua kiasi sawa cha dawa mbili, kwa uzito fulani wa mchanganyiko, katika maji fulani, wakazichanganya kwa joto la chumba na kuzitazama kwa saa chache, mara nyingi nne, kwa sababu dawa zinazokutana kwenye kiungo cha mpira hukaa pamoja kwa dakika chache tu kabla ya kuingia kwenye mshipa. Jibu hilo halikupi ruhusa ya kuzitia katika chupa moja na kuziacha usiku kucha. Halikupi ruhusa ya kutumia uzito mara tatu ya ule uliopimwa, wala kubadili glukosi kwa chumvi, wala kuongeza dawa ya tatu kwa sababu kila mbili kati yake zinapatana. Na wodi inayofika nyuzi 33 za joto mchana wa Januari si chumba cha watafiti wale.

Hata dawa zinazopatana kabisa zina sababu nyingine ya kutenganishwa, ambayo ni mwendo. Ndani ya mpira, kati ya kiungo na mshipa, hukaa mililita moja au mbili za kilichopo. Kama kilichopo ni noradrenalini, na mtu akasukuma sindano nyingine nyuma yake, noradrenalini yote iliyokuwa iingie polepole kwa dakika kadhaa inaingia kwa sekunde moja. Presha inaruka, kisha inashuka wakati mpira unajazwa upya. Kwa hiyo katika wodi yetu mpira wa noradrenalini au adrenalini haupigwi sindano yoyote juu yake, na hili halibishaniwi hata kama jedwali linaruhusu. Ukiwa na kanula mbili, moja ni ya dawa zinazoendelea za upande wa asidi, dobutamini au noradrenalini au amiodaroni, na nyingine ni ya sindano za mara moja, furosemaidi ikiwemo, na ya antibiotiki. Furosemaidi ya dozi kubwa haipaswi kuzidi miligramu 4 kwa dakika ili isidhuru masikio ya mgonjwa, maana yake miligramu 120 zitaishikilia kanula hiyo kwa nusu saa, na antibiotiki itasubiri. Mpangilio huu unapaswa kuandikwa pamoja na dozi, kwa sababu bila kuandikwa, zamu ya usiku inarithi mipira bila kujua kwa nini ilipangwa vile.

Mpira wa shingoni wenye njia tatu hutatua sehemu kubwa ya haya, kwa kuwa kila njia ina tundu lake la kutokea, yakipishana ndani ya mshipa mkubwa wenye damu nyingi inayokwenda kasi. Dawa zisizopatana zinatoka mbalimbali na kuzimuliwa mara moja. Pale ambapo haupo, kanula ya pili ndiyo ombi la kwanza ninalomtolea daktari, hata kama itachukua muda kupatikana, na hata kama itawekwa mguuni.

Jedwali letu limebandikwa kando ya meza ya dawa, lina dawa kumi na tano tunazotumia kweli, si mia mbili za kwenye vitabu. Visanduku vyake vingine vimeandikwa ndiyo, vingine hapana, na vingine viko wazi. Muuguzi mmoja aliniuliza: "Sasa hiki kisicho na kitu, maana yake hakuna tatizo?" Nilimjibu kwamba maana yake ni kuwa hatujapata kipimo cha kuaminika cha dawa hizo mbili, kwa hiyo kitendee kama hapana: simamisha ya kwanza kama mgonjwa anaweza kuvumilia, safisha mpira kwa maji yanayoikubali dawa hiyo, toa ya pili, safisha tena kwa maji yanayoikubali ya pili, kisha endelea. Na kama ya kwanza ni noradrenalini, isiyosimamishwa wala kusafishwa kwa kusukumwa, usifanye lolote katika mpira huo. Niite, na wakati nakuja, anza kutafuta mshipa mwingine.